Muuguzi wa Muleba akitaka shahada, nyumba nzima hupiga hesabu

Ujumbe uliingia kwenye simu ya mama mdogo saa mbili usiku, ndizi zikiwa zimeshaepuliwa na kuwekwa mezani. Ulikuwa na namba ya siri ya kuthibitisha udahili. Alikuwa amechaguliwa na vyuo vikuu viwili, kimoja Mwanza na kingine Dodoma, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) humtaka aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja athibitishe kimoja tu kabla dirisha halijafungwa. Aliusoma, akaifunika simu kwa kitambaa cha meza, akaendelea kumpakulia mama mkwe wake.

Baba mdogo alikuwa ameshaona.

"Mama, ni ile habari ya shule?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Tule kwanza."

Tukala. Hakuna aliyezungumza mpaka bibi, mwenye presha na masikio mazuri kuliko sisi sote, alipouliza shule hiyo ni ya mtoto gani.

Hii ilikuwa Septemba mwaka jana, nilipokwenda Muleba kwa mapumziko ya siku chache. Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa sasa, nimekaa kwenye kumbi nyingi nikisikiliza mipango ya kuongeza wauguzi wenye elimu ya juu. Sikuwahi kuona mpango huo ukifika kwenye meza ya chakula, ambako mwenye kusoma ni mama wa miaka 39 mwenye watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha tatu na mdogo darasa la pili.

Ngazi anazopanda muuguzi

Kwa msomaji ambaye nyumbani kwake hakuna muuguzi, ngazi zenyewe ziko hivi. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo ya sayansi husoma cheti au stashahada katika chuo cha afya kinachosimamiwa na NACTVET. Stashahada ni miaka mitatu. Shahada husomwa chuo kikuu, chini ya usimamizi wa TCU, na kwa anayetoka kidato cha sita ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Juu yake iko shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu. Mahali popote anapoishia, muuguzi lazima asajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndipo amguse mgonjwa.

Kazini majina hubadilika pia. Mwenye cheti ni Muuguzi, mwenye stashahada ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye shahada ni Afisa Muuguzi. Wagonjwa hawayajui majina hayo. Wote kwao ni "nesi", au "sista" hata kama ni mwanamume mwenye ndevu.

Mama mdogo alianza na cheti, akaajiriwa, akarudi chuoni kuchukua stashahada, akaja kupangiwa kituo cha afya kimoja karibu na ziwa. Wajawazito wengine humfikia kwa mtumbwi kutoka visiwani, maana wilaya ya Muleba ina visiwa vingi, Bumbire na Goziba vikiwemo, na ziwa likichafuka mtu husubiri. Amezalisha watoto ambao sasa wanamwamkia barabarani wakiwa na sare za sekondari.

Nikamuuliza swali ambalo jirani zake huliuliza kwa kicheko: kwani sindano ya shahada haiumi?

Akaniambia inauma vilevile. Tofauti, kwa maelezo yake, iko kwenye yale yanayotokea kabla na baada ya sindano. Alinitolea mfano wa patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa mama saa kwa saa. Yeye anaijaza vizuri, amefundishwa. Lakini kabatini kuna mafaili ya patografu za miezi na miezi, na anahisi kuna kitu zinasema kuhusu akina mama wanaocheleweshwa kupelekwa hospitali, ila hajui azisome vipi zote kwa pamoja, wala amwandikie nani na kwa lugha gani ili asikilizwe. Somo la utafiti, somo la takwimu, somo la uongozi, hayo ndiyo anayataka. Anatomia, fiziolojia na dawa atarudia kwa kina zaidi, na hilo linamtisha kidogo kwa sababu kemia aliiacha zamani.

Mfano wake si mdogo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliopewa jina la E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha akina mama zaidi ya 200,000. Mama aliyejifungua aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, damu ikapimwa badala ya kukisiwa kwa macho, na ilipofika kiwango cha hatari akapewa matibabu yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Kutokwa damu kupita kiasi kulipungua kwa asilimia 60. Anayeusimamia mfuko ule saa nane usiku ni mkunga. Kama hawezi kusoma utafiti na kuubeba mpaka kwenye wodi yake, atasubiri semina, na semina huja inapokuja.

Kagera inalijua hili

Kuna mikoa ambayo unaweza kujadili elimu ya wauguzi kwa utulivu. Kagera haimo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa Tanzania walitambuliwa mkoani humu mwaka 1983, wakati hata jina la ugonjwa lilikuwa geni, na waliowaogesha na kuwalisha walikuwa wauguzi na ndugu. Machi 21, 2023 Serikali ilitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg katika wilaya ya Bukoba Vijijini. Miongoni mwa waliofariki dunia alikuwemo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kumalizika Juni 2 mwaka huo. Januari 2025 Marburg ikarudi, safari hii Biharamulo.

Mama mdogo anakumbuka wiki zile za 2023 kwa jambo moja: baba mdogo alikuwa akimwekea ndoo ya maji na sabuni nje, na watoto walikatazwa kumkimbilia mpaka aoge. Kila homa iliyokuja kituoni ilikuwa na swali ndani yake. Ndipo aliponiambia kwa mara ya kwanza kwamba anataka kusoma tena. Nilidhani ni hofu, kwamba anatafuta njia ya kutoka wodini aende ofisini. Nilikosea.

Nani atawafundisha wanaofundisha?

Muleba si wilaya isiyo na shule za uuguzi. Inazo mbili zenye majina ya siku nyingi, zote kando ya hospitali za kanisa: Ndolage, upande wa Kamachumu, ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, na Rubya, ya Jimbo Katoliki la Bukoba. Ukiingia wodini mkoani Kagera ukauliza waliopo walisoma wapi, usishangae kusikia moja ya majina hayo.

Lakini vyuo vya ngazi ile vinatakiwa viwe na walimu wenye elimu iliyo juu ya wanayoifundisha. Anayefundisha stashahada anahitaji walau shahada. Anayefundisha shahada anahitaji uzamili. Kwa hiyo binti wa Kamachumu anayeanza stashahada leo anategemea kwamba miaka kadhaa nyuma kuna muuguzi aliyekubali kuondoka nyumbani kwenda chuo kikuu, na kwamba alirudi. Neno la mwisho ndilo zito. Wengi huenda Dar es Salaam au Mwanza na kubaki huko, na sioni wa kuwalaumu, lakini mtu akihesabu gharama za chuo lazima ahesabu na hiyo.

Tanzania yenyewe haikuanza zamani. Shahada ya kwanza ya uuguzi ilianza Muhimbili mwaka 1988, wakati Muhimbili ikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Leo MUHAS inatoa hata uzamili, katika uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi, afya ya akili, na ukunga na afya ya wanawake. UDOM, KCMC na Hubert Kairuki nao wanatoa shahada. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa, chuo kikuu kilicho karibu ni kile cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Kikatoliki, Mwanza, kilichoanza mwaka 2003 na ambacho kila mtu hukiita Bugando tu. Pale kuna shahada ya uuguzi, na ipo pia ya elimu ya uuguzi, iliyowalenga wauguzi waliokwisha kuwa kazini wanaotaka kuwa walimu. Hii ya pili ndiyo mama mdogo aliyokuwa ameiomba. Kumbe hakuwa akikimbia wodi. Alikuwa anataka kurudi kufundisha.

Kwa nini isisomwe nyumbani

Baba mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi. Shahada yake aliipata kupitia Chuo Kikuu Huria, kituo cha Bukoba, akiwa kazini. Miaka ile mama mdogo ndiye aliyekuwa akinyamazisha watoto ili baba asome, na zaidi ya siku za mitihani hakulala nje. Ndiyo maana swali lake la kwanza usiku ule, baada ya vyombo kuondolewa, lilikuwa la haki kabisa kwa upande wake. Mbona mimi nilisoma nikiwa hapa hapa?

Jibu ni kwamba ualimu unaweza kuusoma ukiwa unafundisha, na darasa lako likawa ndiyo maabara yako. Uuguzi wa chuo kikuu una saa za wodini zinazohesabiwa: upasuaji, watoto, magonjwa ya akili, chumba cha mahututi, kila moja na msimamizi wake na daftari la kutiwa saini. Kituo cha afya kando ya ziwa hakina chumba cha mahututi. Huwezi kujifunza kumhudumia mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia kwa kuangalia video usiku, ukiwa umechoka, bando likikata.

Njia za katikati zipo, ila zimekaa mbali na Muleba. Chuo Kikuu cha Aga Khan, kilipoanza kufundisha uuguzi Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilipanga masomo kwa ajili ya wauguzi walio kazini, darasani siku mbili za wiki na siku nyingine kazini. Mpango mzuri mno, kwa anayeishi Dar es Salaam. Kenya nao, kuanzia mwaka 2005, shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo waliwapandisha wauguzi wa cheti hadi stashahada kwa kutumia kompyuta, wakisoma nadharia kwenye vituo vyao na kwenda hospitali kubwa kwa vitendo tu. Wauguzi wa wilaya za mbali walisoma bila kuacha zamu zao. Sioni kwa nini sehemu ya nadharia ya shahada isipangwe hivyo kwa ajili ya watu wa Kagera, Kigoma na Katavi, kisha vitendo vifanyike Bugando kwa miezi maalumu. Pengine iko sababu. Mimi nimesomea shahada yangu nikiwa sina mtoto wala mama mkwe, sikuwahi kulazimika kuliwaza.

Daftari la kaunta

Hesabu ziliandikwa kwenye daftari la kaunta lililobaki kurasa chache, baba mdogo akiandika na mama mdogo akitaja.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo waliufuta mapema. HESLB humtaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira rasmi. Mtumishi anayekwenda masomoni kwa ruhusa ya mwajiri huendelea kupata mshahara, na mshahara huo huo ndio unaomwondoa kwenye mkopo. Basi ada ingetoka kwenye mshahara. Chumba Mwanza kingetoka humo humo. Na ada ya mtoto wa kidato cha tatu, ambaye yuko shule binafsi, je?

Ruhusa yenyewe haiji kwa kuomba tu. Muuguzi wa halmashauri anatakiwa awe amethibitishwa kazini, awe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri, na barua yake ipite kwa mkuu wake wa kituo na Mganga Mkuu wa Wilaya hadi kwa Mkurugenzi. Mama mdogo alianza kuifuatilia mwaka mmoja na nusu kabla. Hapa ndipo wengi hukwama: huomba chuo kwanza na ruhusa baadaye. Anayefanya kazi hospitali ya kanisa huwa na utaratibu mwingine, mara nyingi mkataba wa kurudi kuitumikia hospitali kwa miaka kadhaa, na ni vizuri kuusoma mbele ya mtu mwingine kabla ya kusaini.

Kisha likaja swali la faida. Ngazi ya mshahara ya anayeanza na cheti ni TGHS A, stashahada TGHS B, shahada TGHS C. Kwenye karatasi ni kupanda. Lakini aliyekaa kazini miaka mingi na kupandishwa madaraja anaweza kukuta mshahara wa kuanzia wa shahada haupishani sana na ule aliokuwa nao. Na kubadilishiwa kada baada ya kuhitimu huchukua muda. Nimezungumza na wauguzi wa halmashauri ambazo sitazitaja, waliorudi na vyeti vyao wakaendelea kulipwa kama walivyoondoka kwa muda mrefu kuliko walivyoahidiwa. Mmoja alicheka akaniambia cheti chake kimeanza kufifia wino.

Baba mdogo alipiga mstari chini ya hesabu zake. Kwa fedha tupu, shahada ilikuwa hasara kwa miaka mingi ijayo. Aliligeuza daftari ili mkewe aone. Mama mdogo akasema ameona.

Kuna jambo nililigundua siku zile nikiwa Muleba, na nitalisema ingawa baadhi ya akina baba hawatalipenda. Kwenye kituo cha mama mdogo kuna kaka mmoja muuguzi aliyekwenda kusomea shahada mwaka uliotangulia. Naye ana mke na watoto. Kwake hakukuwa na daftari la kaunta. Alitangaza, akachangiwa nauli, akaondoka, na mkewe akabaki na kahawa, migomba na watoto. Hakuna aliyemuuliza nani atampikia mama yake.

Kwa nyumba yenye mtoto wa kidato cha nne

Kwa kuwa ukurasa huu unasomwa na wazazi, neno fupi. Mtoto anayetaka uuguzi asiache fizikia, kemia na baiolojia kidato cha pili kwa sababu tu "uuguzi ni huruma". Vyuo vya stashahada huangalia ufaulu wa kidato cha nne katika masomo hayo matatu, na hisabati na Kiingereza humsaidia. Shahada humtaka wa kidato cha sita awe amefaulu kemia na baiolojia pamoja na somo jingine la sayansi. Anayetoka na stashahada, TCU huweka kiwango cha chini cha GPA 3.0, na chuo kinaweza kudai zaidi, kwa hiyo alama za stashahada zisichezewe kwa kudhani kazi imeshapatikana. Vigezo hupitiwa kila mwaka. Soma mwongozo wa mwaka husika. Na kabla hujalipa hata shilingi, hakikisha jina la chuo na la kozi vyote viwili vimo kwenye orodha ya NACTVET au TCU. Chuo kinaweza kusajiliwa na kozi yake isiwe imeidhinishwa.

Dirisha kufungwa

Siku ya mwisho ya kuthibitisha mama mdogo alikuwa zamu. Kulikuwa na mama mwenye mimba ya kwanza, uchungu wa tangu alfajiri, na mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Baba mdogo alimpigia mara tatu bila kujibiwa. Saa kumi na mbili jioni alikodi bodaboda, akaenda hadi kituoni, akasubiri kwenye benchi la nje pamoja na ndugu wa mzazi.

Mama mdogo alipotoka kunawa, alimkuta pale na simu mkononi.

"Hujathibitisha," akasema baba mdogo.

"Nilikuwa na mtu ndani."

"Ndiyo nimekuja. Namba ni ipi?"

Walithibitisha Mwanza, kwenye benchi, mtandao ukikubali mara ya nne. Mtoto aliyezaliwa jioni ile alikuwa wa kiume.

Aliondoka mwishoni mwa Oktoba kwa basi la asubuhi, kupitia Biharamulo, Chato na Geita, hadi kwenye daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025. Zamani pale mlishuka mkasubiri kivuko. Sasa basi linavuka zile kilomita 3 za maji bila kusimama. Alinitumia sauti fupi akiwa juu ya daraja, upepo mwingi, haisikiki vizuri. Nadhani alikuwa akilia, au upepo tu.

Mtoto wa kidato cha tatu alihamishiwa shule ya kata. Hakufurahi, na bado hajafurahi. Wa darasa la pili alijifunza kuvaa soksi mwenyewe.

Presha ya bibi sasa inapimwa na baba mdogo, kwa mashine ya kidijitali ambayo mama mdogo alimwachia pamoja na daftari. Kila Jumamosi asubuhi hupima, hupiga picha namba, huzituma Mwanza. Nilikuwa nyumbani kwao tena Januari. Alipima ikaja 158 kwa 94, akaituma. Baada ya dakika chache simu ikaita, akaweka sauti ya nje.

"Baba, bibi ametoka kutembea?"

"Ametoka kuanika kahawa."

"Akae kwanza dakika tano, asiongee. Mkono uwe juu ya meza, usawa wa moyo, usining'inie. Halafu pima tena."

Bibi akakaa, kwa shida ya kutoongea. Baba mdogo akauinua mkono wake, akauweka juu ya meza, akaangalia saa ya ukutani.